Maswali ya Vitabu: Atticus Yupi Ndiye Atticus?

Barua zinazotufikia kuhusu Go Set a Watchman, riwaya ya mwisho ya Harper Lee wa Alabama iliyotoka tarehe 14 Julai 2015, zinavutana kweli. Wapo walioumia, wapo waliofurahi kwamba hatimaye ukweli umesemwa. Tumechagua nne.

SWALI: Nimesoma To Kill a Mockingbird mara tatu. Atticus Finch, wakili Mzungu anayemtetea Mweusi aliyesingiziwa ubakaji, ndiye aliyenifanya nikipende kitabu kile. Katika hiki kipya yumo kwenye mkutano wa wabaguzi! Mwandishi amemgeuza hivi kwa nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hakumgeuza, ndugu yetu. Huyu mbaguzi ndiye aliyeandikwa kwanza. Lee alipeleka mswada wa Watchman kwa wachapishaji J. B. Lippincott mwaka 1957. Mhariri wake, Tay Hohoff, aliona kipaji lakini hakuona riwaya iliyoshikamana. Kilichomvutia ni vipande vya utotoni, akamshauri mwandishi aanze upya akitumia macho ya mtoto. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka miwili, ikazaa Mockingbird ya Julai 1960, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1961.

Kwa kuwa katika Watchman Scout, binti wa Atticus anayesimulia Mockingbird, ni mtu mzima wa miaka 26 anayeitwa Jean Louise, wengi wamekichukua kuwa juzuu ya pili, na hapo ndipo wanapojikwaa. Angalia ile kesi: katika Mockingbird mshtakiwa, Tom Robinson, anatiwa hatiani, ila katika Watchman mshtakiwa aliachiwa huru. Tena maelezo kadhaa kuhusu mji wa Maycomb na shangazi Alexandra yamo katika vitabu vyote viwili, karibu neno kwa neno. Wachapishaji HarperCollins waliutoa mswada ukiwa umeguswa na mhariri kidogo tu, ndiyo maana mishono inaonekana.

SWALI: Nafundisha fasihi. Wanafunzi wangu wanashikilia kwamba Atticus wa Watchman ndiye halisi, na yule wa kwanza ni ndoto ya mtoto. Niwajibu nini?
Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, wana hoja nzito. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kutenganisha shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Julai mwaka huohuo, Indianola, Mississippi, likaanzishwa Baraza la Raia la kwanza, chama cha Wazungu waliopinga uamuzi huo. Hawa hawakuvaa vitambaa vya kuficha nyuso kama Klan, lile kundi la siri la Wazungu wabaguzi. Walikuwa wafanyabiashara, mawakili na watu wa benki, na silaha yao ilikuwa kumnyima Mweusi kazi au mkopo. Katika sura ya 8 Jean Louise anapanda roshani ya mahakama, anachungulia chini, na kumwona baba yake, mzee wa miaka 72, ameketi katika baraza la namna hiyo pamoja na Henry Clinton, kijana anayetaka kumwoa. Kwa mji mdogo wa Alabama wa miaka ile, wakili mwenye heshima zake kukaa kwenye kiti kile si jambo la kushangaza hata kidogo.

Mbegu zake zimo tangu Mockingbird. Soma sura ya 15: Atticus anawaambia wanawe kwamba Klan ilikuwa zaidi jumuiya ya kisiasa. Mahakamani Weusi wanakaa juu, naye halisemi hilo. Profesa wa sheria Monroe Freedman alimkosoa kwa msingi huu mwaka 1992, Watchman ikiwa bado kabatini.

Darasani, anza na sura ya 15, kisha 17 hadi 21 za Mockingbird, ndipo usome 8, 12 na 17 za Watchman. Kila mwanafunzi achore safu mbili: anachotenda Atticus, na kinachosemwa juu yake. Kosa la kawaida ni kuhesabu upendo wa Scout, msimulizi wa nafsi ya kwanza, kama ushahidi wa tabia ya baba. Watchman imesimuliwa kwa nafsi ya tatu, kwa hiyo kinga ile haipo.

Usiikawize sura ya 12 ya Watchman. Mjukuu wa Calpurnia, mama Mweusi aliyemlea Jean Louise, amemgonga mtu kwa gari akafa, na Atticus anakubali kumtetea ili mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, wasiingie mjini. Jean Louise anamwendea Calpurnia, anapokewa kwa adabu baridi ya mgeni, mpaka anauliza kama mama huyu aliwachukia yeye na familia yake. Hakuna ukurasa mwingine katika kitabu unaoufikia huo. Kwetu udhaifu mkubwa ni kwamba Lee anaondoka pale upesi, kisha mwishoni ami Jack, ndugu wa Atticus, anampiga kofi binti ili arudi kwenye kupatana.

SWALI: Ilikuwa halali kukichapisha?
Msomaji, Muscat

JIBU: Kisheria, ndiyo. Lee alikuwa na miaka 88 tangazo lilipotolewa Februari 2015, miezi michache baada ya kifo cha dada yake Alice aliyekuwa akimsimamia mambo yake. Jimbo la Alabama lilichunguza malalamiko kwamba alidhulumiwa, halikuona msingi. Tunacholaumu ni uuzaji. Mswada kama huu ulistahili dibaji ndefu ya kueleza historia yake. Duka moja la vitabu Traverse City, Michigan, lilirudishia wateja fedha kwa sababu hiyohiyo.

SWALI: Huyo mlinzi (watchman) wa kwenye jina la kitabu ni nani?
Msomaji, Bukavu

JIBU: Ametoka Isaya 21:6, aya anayoihubiri mchungaji katika sura ya 7. Baadaye ami Jack anamfasiri kuwa ni dhamiri ya kila mtu. Ifungue aya hiyo kabla ya sura ya 7, maana sura ya 8 ndiyo ile ya roshani.