Re: Makaburu walipataje Nieuwe Republiek ndani ya Zululand?

Mkuu hiyo Nieuwe Republiek (jamhuri ndogo ya Makaburu) hawakuiteka, walilipwa. Mfalme wa Wazulu Cetshwayo alivyofariki 1884 mwanae Dinuzulu alikua bado kijana na Zibhebhu, chifu wa Kizulu mpinzani wake, anamkalia kooni, akawaita Makaburu wamsaidie kwa ahadi ya ardhi, Juni wakamchapa Zibhebhu pale Tshaneni, na waliopigana sana ni Wazulu wenyewe wa Dinuzulu, Makaburu walikua kama mia hivi na bunduki zao.

Bili sasa! Wakajimegea lipande la nchi mpaka wakadai na ghuba ya St Lucia pwani ya Zululand, makao makuu Vryheid, rais Lucas Meyer. Mwingereza hakutaka kabisa wafike baharini, akaiwahi St Lucia mwisho wa 1884, 1886 akawatambua ila mipaka kaipunguza, 1888 wakajiunga na Transvaal, jamhuri kubwa ya Makaburu, kwishney. Dinuzulu aliyewaita akaishia kupelekwa uhamishoni kisiwa cha St Helena.