Jibu: Njiti wangu alikatika pumzi baada ya chanjo, nimpeleke tena?
Pole sana dada. Kwa ulivyoeleza, mwanao alizaliwa njiti, yaani kabla ya wakati, mimba ikiwa na wiki 28, akachomwa dozi ya kwanza ya Penta (chanjo moja ya kukinga magonjwa matano) akiwa bado wodini, usiku mashine ikalia mara mbili kwa sababu pumzi ilisimama. Sasa wiki ya 10, ya dozi ya pili, inakaribia na bibi yake hataki hata kusikia habari za sindano.

Mpeleke, ila usiende kliniki ya kawaida kimyakimya. Mwone kwanza daktari wa watoto, mweleze yaliyotokea, aombe dozi ya pili ichomwe hospitalini na mtoto aangaliwe pumzi na mapigo ya moyo kwa saa 48 hadi 72.

Sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi kwa njiti haijakomaa. Ndiyo maana wengine hukatika pumzi hata bila sindano. Chanjo inaweza kuirudisha hali hiyo kwa siku mbili tatu, kisha inapita. Mara nyingi kumsugua nyayo tu kunatosha kumzindua. Namwelewa bibi, lakini ndani ya Penta kuna kinga ya kifaduro, na kifaduro chenyewe humkatisha mtoto mchanga pumzi vibaya mno.

Umri wa chanjo unahesabiwa tangu siku aliyozaliwa, na dozi ni kamili. Akikwambia mtu "tumpe nusu kwa kuwa ni mdogo", kataa.

Mkisharudi nyumbani, midomo ikiwa ya bluu, akilegea au akigoma kunyonya, kimbieni hospitali hata kama ni saa nane za usiku.