Paka mwenyeji kachachamaa tangu umlete mgeni? Yalinikuta, usimrudishe kwanza

Mkuu nimekusoma vizuri. Jike lako la miaka 4, umemletea dume la kulea miezi 3 mpaka mwenyewe arudi safari, leo siku ya tatu mwenyeji anadonoa donoa tu chakula, anakufokea hadi wewe uliyemlea, na jana kakojoa kitandani. Unauliza umrudishe mgeni au uvumilie. Mi nasema usimrudishe, ila usivumilie hivo hivo pia, maana ukiwaacha walivyo ndo wanajenga uadui wa moja kwa moja. Mimi nilisema watazoeana wenyewe nikaishia kuchomwa sindano.

Nakaa Tabata, vyumba viwili na sebule. Paka wangu ni Chausiku, mweusi tii, nilimtoa kwenye mtaro akiwa mdogo anatosha kiganjani. Jirani yangu akahamishiwa Dodoma kikazi akaniachia dume lake la njano, Babu, "miezi miwili tu jirani, nikipata nyumba namfuata". Babu akaletwa kwenye tenga la kuku, na mimi kwa akili zangu nikalifungulia sebuleni, Chausiku kalala zake kwenye kochi. Babu katoka ananyata, cha kwanza akajisugua shavu kwenye mguu wa meza. Basi. Chausiku mkia ukavimba kama brashi ya kuoshea chupa, masikio yakalala kabisa, akatoa mlio wa chinichini unapanda taratibu kama king'ora, miaka yote sijawahi kuusikia. Nikaingiza mkono nimnyanyue. Na aliyening'ata sio mgeni, ni Chausiku wangu mwenyewe, chini ya kidole gumba, meno yakazama mpaka mwisho. Niliosha kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15 kama inavyotakiwa nikaenda hospitali, na kwa vile chanjo yake ya kichaa cha mbwa nilikua nimeipitiliza ikabidi nianze zile sindano, na mkono ulivimba siku nne sishiki hata kijiko. Kwahiyo wakikamatana usiweke mkono, dondosha mto au beseni katikati yao.

Daktari wa mifugo aliyekuja kumchanja ndo alinifungua macho. Sisi tunasema paka ana wivu, kumbe ishu ni pua. Paka ana tezi za harufu mashavuni na kidevuni, kila anapojisugua kwenye kochi, mlango, mguu wako, anaacha harufu yake, na nyumba inayonukia yeye ndo anaiona salama. Sasa mgeni anakuja na harufu ya kwao na anaisugua juu ya ile ya mwenyeji. Ni kama urudi kazini ukute mtu humjui kabadilisha mapazia na kajifunga kanga yako. Na wewe anakufokea kwa sababu umetoka kumshika mgeni unanukia yeye, au hasira za mgeni asiyemfikia anazimalizia kwa aliye karibu. Hata kojo la kitandani sio kukukomoa, kitanda ndo kina harufu yako nyingi, anachanganya na yake ajisikie yuko kwao.

Tulianza upya hivi. Babu akapewa chumba cha watoto mlango umefungwa, ana beseni lake la mchanga, maji, chakula na boksi la kujificha, watoto wakahamia kwetu (walifurahi kuliko paka wote). Kumbuka anayefungiwa ni mgeni, mwenyeji aendelee na nyumba yake, wengi wanakosea hapo. Zile wiki mbili za mwanzo zinasaidia pia kuona kama mgeni kaja na mafua, minyoo au viroboto. Na kwenye viroboto nakuomba sana, usimpake dawa ya mbwa, nyingi zina permethrin, mbwa hazimsumbui ila paka zinamuua. Panadol nayo usithubutu, hata robo kidonge.

Mlango ukiwa umefungwa unaanza kuwatambulisha kwa harufu. Nilichana kanga kuukuu, kipande kimoja namsugua Babu mashavuni, nakitupa sebuleni mbali na chakula cha Chausiku. Siku ya kwanza alikinusa akarudi nyuma, halafu akaanza kuparua sakafu pembeni yake, paru paru paru, anakifukia kama anavyofukia choo chake, nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku ya pili vilevile. Siku ya tano nakuta kakilalia. Kipande cha Chausiku nacho kilienda kwa Babu, yeye hakua na neno, alikitolea udenda.

Wakati huohuo wanakula pande mbili za mlango. Dagaa wa Mwanza wa kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu, bakuli la Chausiku nilianza nalo hatua sita toka mlangoni, akila ametulia kesho nasogeza hatua moja, akisimama kuukodolea mlango narudisha nyuma. Usiharakishe hapa, mi ilinichukua siku 11. Baadae fundi akaniwekea fremu ya waya wa mbu pale mlangoni, waya wa chuma sio chandarua maana chandarua wanakipanda, ndo wakaanza kuonana. Na kila siku nambadilishia Babu, saa moja anazunguka nyumba na Chausiku anaingia chumbani kwake kunusa.

Mtaani kila mtu alinambia waache wapigane mmoja atasalimu amri. Paka wa nje wakigombana mdogo anaruka ukuta anaondoka, wa ndani atarukia wapi, juu ya friji? Anabaki hapohapo na hofu yake kila siku.

Kingine, hilo dume limehasiwa? Babu alikua bado, ukuta wa korido ulinuka wiki nzima, tukamhasi. Jua tu hata akihasiwa zile homoni haziishi siku hiyohiyo, zinachukua wiki kadhaa, na siku za mwanzo bado anaweza kumpa jike mimba, na mimba ya paka ni kama miezi miwili tu, kwahiyo kama jike lako nalo halijafungwa uzazi utarudi hapa kuuliza jinsi ya kugawa vitoto.

Mabeseni ya mchanga weka matatu kwa paka wawili na usiyapange kona moja, mmoja atakaa njiani amzuie mwenzie na huyo aliyezuiwa ndo atakayekojoa kwako. Godoro safisha kwa siki na maji, anika juani. Jik usiweke, haiondoi kile anachokinusa yeye, na ikikutana na mkojo inatoa hewa mbaya kwako pia.

Kufoka kusikutishe, kufoka ni kusema "kaa mbali", akishasema mwenzie akaheshimu hamna vita. Ubaya ni kukodoleana bila kupepesa, kuviziana njia ya chooni, kufukuzana mpaka mmoja anajikojolea. Ukiona hivyo unarudi mlango kufungwa, sio mwisho wa dunia. Sisi tulirudi, wiki ya tano usiku umeme umekatika, masika linapiga bati, wote wakakimbilia chini ya kitanda kimoja, manyoya yalitapakaa. Tulianza tena na bakuli mlangoni ila safari hii siku nne tu wakawa sawa. Urafiki sikuupata, nisikudanganye, walifika mahali wanalala kochi moja kila mmoja mwisho wake na mto katikati, na kwangu ilitosha.

Ila kitu cha kumpeleka kwa daktari bila kungoja: mwenyeji akipitisha siku nzima hajala kabisa, paka akigoma kula ini linaharibika, hasa akiwa mnene. Au yeyote anaingia chooni mara kwa mara anajikamua hakitoki kitu, kwa dume hiyo ni dharura ya saa ileile.

Leo usiku mhamishie mgeni chumba chake, nawa mikono na badili shati kabla hujamshika mwenyeji, kesho chana kanga. Ukishamtupia uje useme kaifukia au kailalia.