Sailensa ya Carina Ti kukaa 1500 injini ikiwa ya moto

Mkuu, nimekusoma. Carina Ti yako yenye injini ya 7A ukiiwasha asubuhi mshale wa sailensa (mizunguko ya injini kwa dakika ukiwa hujakanyaga mafuta) unasimama 1500, injini inapata moto na bado haushuki, ukiwa foleni ya Ubungo kwenye D unakandamiza breki isije ikamvaa wa mbele. Fundi mmoja anataka kuchezea skrubu ya throto (mlango wa hewa ya injini), mwingine anakutuma Gerezani ukanunue throto ya mtumba. Mimi ninayo gari hiyo hiyo na ilikuwa na ugonjwa huo huo. Ilipona bila skrubu na bila throto.

Skrubu kwanza, maana hiyo ndiyo inayoharibu magari ya watu. Imewekwa kiwandani ili kipepeo cha throto, kile kibao kinachofungua na kufunga hewa, kisisuguane na ukuta wake, haihusiani na kupanga sailensa. Ukiilegeza, kipepeo kinang'ang'ania. Ukiikaza, sensa ya throto haiiambii tena kompyuta kwamba umeondoa mguu, na sailensa inaanza kupanda na kushuka ovyo.

Kwa taarifa yako, 1500 ya asubuhi injini ikiwa baridi si tatizo. Ikishapata moto, AC ikiwa imezimwa, ndipo inatakiwa ikae 700 hadi 800. Isiposhuka, ujue kuna hewa inapita mahali, kwa sababu injini ya petroli haikimbii bila hewa. Ama kompyuta ndiyo imeifungulia njia, ama inaingia kwa wizi.

Angalia waya wa mafuta, ule unaovutwa na pedeli, kama una ulegevu kidogo, na zulia halijabana pedeli. Ukiridhika, fanya hivi. Injini ikiwa ya moto na inaunguruma, chomoa ule mpira mkubwa unaotoka kwenye ea klina kwenda kwenye throto. Carina hii inapima hewa kwa sensa ya MAP, inayosoma mgandamizo ndani ya manifodi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini), kwa hiyo haizimi ukiuchomoa (usijaribu kwa IST ya jirani). Chungulia ndani ya mdomo wa throto: upande wa chini, kabla ya kipepeo, kuna tundu. Lizibe kwa kidole. Sailensa ikianguka, au injini ikitaka kuzima kabisa, hewa inapitia kwenye vavu ya sailensa, ile ambayo kompyuta huifungua na kuifunga. Isipotikisika, tafuta mpira uliopasuka au gasketi ya manifodi.

Yangu ilianguka. Nikafungua vavu, nikaiosha kwa kabureta klina mpaka kile kizibo cha ndani kikawa kinazunguka chenyewe, nikarudisha. Hakuna kilichobadilika. Hapo ikabaki kwamba vavu ni nzima, ila inaamriwa ibaki wazi. Na kompyuta huamuru hivyo inapodhani injini bado ni ya baridi.

Nikafungua nyumba ya themostati, kile kizibo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ndani hamna kitu! Aliyekuwa na gari kabla yangu aliitoa, na sababu unaijua, umeshaisikia kwenye kila gereji mjini hapa: "Dar joto, hiyo inachemsha gari, itupe." Themostati ya gari hizi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ikiwa haipo, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza. Kwenye foleni ya Mandela injini inajipasha, lakini ukishika Barabara ya Bagamoyo upepo unaipoza tena, kompyuta inaongeza hewa na petroli kana kwamba ni alfajiri. Ndiyo maana pia gari zinabugia mafuta na watu wanalaumu plagi. Gari inayochemsha ina rejeta iliyoziba, feni mbovu au kifuniko kisichobana. Themostati nzima haiwezi kukuchemshia.

Nyingine mpya niliichemsha kwenye sufuria kabla ya kuifunga, maana feki ni nyingi Kariakoo. Inatakiwa ifunguke maji yakikaribia kuchemka, na ijifunge yenyewe yakipoa.

Usidanganywe na geji ya joto ya dashibodi. Hiyo ina sensa yake ya joto yenye waya mmoja. Ya kompyuta ni nyingine, ya nyaya mbili. Geji inaweza kukaa katikati vizuri huku kompyuta inaambiwa uongo. Zima gari likiwa la moto, chomoa soketi ya ile ya nyaya mbili, pima kwa mita: kwenye nyuzi 80 isome kati ya ohm 200 na 400. Ikisoma elfu mbili au tatu, inaripoti nyuzi 20. Badilisha. Hakikisha pia maji ya rejeta yamejaa (injini ikiwa imepoa, usifungue kifuniko cha moto), kwa sababu sensa iliyokaa kwenye hewa nayo husoma baridi.

Baada ya themostati ilishuka mpaka 950 ikagoma hapo. Kilichobaki kilikuwa mpira wa PCV (wa kurudisha mvuke wa oili kwenye injini), ule unaotoka kwenye kava ya vavu kwenda manifodi. Kwa juu ulikuwa mzuri kabisa. Upande wa chini, pale unapopinda, ukipitisha ukucha unazama kwenye ufa, na kidole kinatoka na oili nyeusi. Niliupata kwa kubana mipira mmoja mmoja kwa koleo lililoviringishwa kitambaa huku nikisikiliza mlio. Ukibana ule mbovu, sailensa inashuka. Usisahau ule mnene wa busta ya breki. Ukiona fundi ananyunyiza petroli kwenye manifodi kutafuta uvujaji, mwambie aache, waya za plagi ziko pale pale na cheche moja inatosha kuwasha moto.

Throto ya mtumba iache kwanza. Anza na kipimo cha kidole, halafu rudi useme mshale ulishuka mpaka wapi na kama kwenye ile nyumba umekuta themostati.