Watu wazima kwenye makumbusho ya sanaa: kazi tatu kwa saa moja zinatosha

Msomaji mmoja ameandika kwamba amekabidhiwa ziara za jioni za watu wazima kwenye makumbusho ya sanaa. Ana saa moja, kundi la watu 25, na ameshachagua kazi 12 za sanaa za kuwaonyesha. Anauliza atazimalizaje zote. Jibu ni kwamba asizimalize. Aondoe tisa.

Hesabu yenyewe inamkatalia. Kazi 12 ndani ya dakika 60 ni dakika tano kwa kila moja. Toa muda wa kuhama, maana kundi la watu wazima huchukua dakika mbili hadi tatu kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine: yupo anayesimama kusoma vibao njiani, yupo anayepokea simu. Kinachobaki kinatosha wewe kuhutubia, hakitoshi wao kutazama. Jeffrey Smith na Lisa Smith walichapisha mwaka 2001 vipimo vyao kutoka Metropolitan Museum of Art, New York: mgeni alisimama mbele ya kazi maarufu kwa wastani wa sekunde 27, na nusu ya mitazamo yote haikuzidi sekunde 17. Haraka hiyo mtu anaiweza mwenyewe bila kiongozi. Akijiandikisha kwako, mpe kile asichoweza kujipa.

Mgawanyo unaofanya kazi ni huu: dakika tano za kukaribishana, dakika 15 kwa kila kazi, dakika tatu za kuhama mara mbili, na nne za mwisho. Hapo saa imekwisha. Ukitaka kuongeza kazi ya nne, ongeza nusu saa na viti. Watu wakisimama zaidi ya dakika 20 mfululizo huanza kuegemea kuta, na kuta za makumbusho si za kuegemewa. Vigoda vya kukunja vyenye mpira miguuni vinasaidia, ila kila mtu apewe chake. Ukileta sita kwa ajili ya "wanaohitaji", hakuna atakayejitokeza kuchukua, hata mwenye goti bovu.

Idadi ya watu inaamuliwa na ukubwa wa kazi. Kundi la 15 linatosha mbele ya picha yenye upana wa mita moja na nusu. Mbele ya picha ndogo kama daftari, watu wanane tayari ni msongamano. Jipime kwa kusimama pale utakapokuwa mstari wa nyuma. Kama huoni macho ya mtu aliyechorwa yanaelekea wapi, picha hiyo si ya kundi hilo. Hao 25 wagawe mara mbili, wawe na wawezeshaji wawili, mmoja aanze mwanzo wa njia na mwingine mwishoni.

Kabla ya kuchagua, tembea njia nzima siku na saa ileile ya programu. Ukumbi uliotulia asubuhi, jioni una video yenye sauti chumba cha pili, na kioo cha picha kinachoonekana safi mchana, usiku kinakuonyesha taa ya dari tu. Kisha rudia mzunguko asubuhi ya siku yenyewe. Kazi za karatasi huwekwa kwenye mwanga hafifu, kwa kawaida wa takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na baada ya miezi kadhaa huondolewa zipumzike. Kazi nyingine huazimwa au hupelekwa kwa wahifadhi. Kwa kila kituo weka kazi ya akiba katika ukumbi uleule. Halafu zungumza na walinzi: waambie mko wangapi, mtapita wapi, mtakaa wapi na kwa muda gani. Mlinzi asiyejua mpango atawakatisha katikati, na atakuwa ametimiza wajibu wake.

Mkifika mbele ya kazi, usimame pembeni yake, ukiwaona watu na picha kwa pamoja. Wapange nusu duara, aliye mbele zaidi abaki umbali wa mita moja hivi. Usinyooshe kidole wala kalamu kwenye turubai. Sema "pembe ya chini kushoto, karibu na mti". Ukinyoosha wewe, wao watanyoosha pia, na mkono wa mtu aliyepata msisimko huenda mbali kuliko anavyodhani.

Kisha nyamaza. Dakika mbili kamili, ukizipima kwa saa yako, bila kibao cha maelezo, bila jina la msanii. Nusu dakika ya kwanza ni ngumu: watu wanakohoa, wanakutazama wewe badala ya picha. Usiwaokoe. Wewe mwenyewe itazame picha, nao watakufuata.

Kwa kuanzisha mazungumzo, sijaona kinachoshinda maswali matatu ya mbinu iliyobuniwa na Abigail Housen na Philip Yenawine: kuna nini kinaendelea kwenye picha hii, unaona nini kinachokufanya useme hivyo, na ni nini zaidi tunaweza kukiona. Wengi hulishika la kwanza na kulisahau la pili, ilhali la pili ndilo linalobeba uzito. Chukua "Wawindaji Katika Theluji" ya Pieter Bruegel, ya mwaka 1565, iliyoko Vienna. Mtu atasema, "Hawa wamechoka." Ukimwuliza anaona nini, atataja migongo iliyoinama na mbwa walioshusha vichwa. Mwingine ataongeza kwamba mawindo ni mbweha mmoja tu begani. Wa tatu atagundua kibao cha nyumba ya wageni kinachoning'inia vibaya juu ya watu wanaobabua nguruwe motoni. Dakika saba zimepita, wamepata baridi, njaa na mavuno haba, na wewe hujafundisha kitu.

Hapo ndipo maelezo yako yanapopata pa kukaa. Andaa mambo matatu hadi matano kwa kila kazi kwenye kadi moja, na uyatoe tu pale swali linapoyaita. Kwamba picha hiyo ilikuwa sehemu ya mfululizo wa nyakati za mwaka ni habari yenye uzito baada ya mtu kuuliza kwa nini baridi imepewa nafasi yote hiyo. Ukiitoa mwanzoni, inakuwa tangazo, na macho yanaacha kutafuta.

Ukiuliza, subiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi nchini Marekani, alikuta walimu wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuongea tena, na kwamba kufikia sekunde tatu kulirefusha na kuboresha majibu ya wanafunzi. Kwa watu wazima hesabu kimya hadi nane. Mtu mzima anapima sentensi yake mara mbili kabla ya kuitoa, kwa sababu anachokiogopa si kukosea. Anaogopa kuonekana hajui mbele ya watu wa rika lake.

Kwa sababu hiyohiyo, acha kusema "vizuri sana". Ukimsifu wa kwanza na wa pili ukamwitikia kwa kichwa tu, wa pili ameshajua alama aliyopata, na hatasema tena. Rudia alichosema kila mtu kwa maneno yako, kwa uzito uleule, ukiunganisha: "Kwa hiyo wewe unaona uchovu, na huyu anaona aibu ya kurudi mikono mitupu." Sifa hupendeza anayezitoa kuliko zinavyosaidia kundi.

Sasa, mjuaji. Kila kundi linaye, na mara nyingi anajua kweli. Usishindane naye wala usimsahihishe hadharani kwenye jambo dogo. Mwulize swali la pili kama mwingine yeyote: "Hilo unaliona wapi kwenye picha?" Akiwa na hoja, atawaonyesha wenzake, na ni faida. Akiwa anakariri kitabu, atapungua kasi. Akichukua zamu ya tatu mfululizo, hama hatua mbili upande wa pili wa kundi, useme, "Tusikie upande huu." Isipofaa, waweke wawili wawili wazungumze kwa dakika tatu. Atamchosha mmoja badala ya 14. Samahani kwa huyo mmoja.

Kuchora ukumbini kunawafungua watu kuliko hotuba yoyote, lakini kuna masharti. Penseli pekee, HB au 2B. Kalamu za wino na rangi hubaki nje. Penseli zichongwe kabla ya kuingia, mbili kwa kila mtu, kwenye ubao mgumu wa ukubwa wa A4, maana wasipopewa ubao watatumia ukuta. Anza na mchoro wa dakika mbili bila kutazama karatasi. Kila mchoro utatoka kituko, na yule aliyekuwa anasema "mimi sijui kuchora" atakuta hata jirani yake aliye fundi wa kuchora amechora pua sikioni. Baada ya hapo wape dakika kumi za kuchora sehemu moja tu ya kazi, waichague wenyewe.

Mhadhara ni jambo jingine na sina mengi juu yake. Dakika 40 za kuongea, 20 za maswali. Tumia kipaza sauti hata kama sauti yako inajaza ukumbi, kwa sababu asiyesikia vizuri hatanyoosha mkono kusema hivyo, ataacha kuja. Swali la kutoka nyuma lirudie kabla ya kulijibu.

Programu za bure hujaza orodha haraka na viti polepole. Andika kila mara waliojisajili na waliofika, na baada ya vipindi vitatu au vinne utajua uzidishe nafasi kwa kiasi gani. Ujumbe wa kukumbusha utume siku mbili kabla, uwe na kiungo cha kufuta nafasi, la sivyo wanaosubiri watabaki nje wakati viti viko wazi.

Dakika nne za mwisho wape kadi zenye swali moja. Usiulize kama wamefurahia. Watasema ndiyo, ni watu wenye adabu. Waulize: "Bila kugeuka, eleza kitu kimoja ulichokiona kwenye kazi ya kwanza." Kadi zikijaa jina la msanii na mwaka, uliongea mno. Zikitaja kibao kilicholegea na mbweha mmoja, panga kundi linalofuata kwa njia ileile.