Baiskeli na bustani za Mwanza
Kwa aliyeuliza kama bustani na sehemu za wazi za Mwanza zinazungukika kwa baiskeli asubuhi moja: zinazungukika, mradi uanze mapema, kabla daladala na bodaboda hazijajaza barabara za katikati ya jiji. Anzia Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga, kisha uelekee Capri Point, ambako njia hupita kati ya miamba na ziwa huonekana kwa chini. Hapo mimi nisingeharakisha. Huko ndiko zinakoondokea boti za kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, iliyotangazwa mwaka 2013. Baiskeli ifunge kwa kufuli ng'ambo ya huku, kwa kuwa kisiwa hicho chenye pimbi na swala pala hutembelewa kwa miguu. Kilima cha Bugando waachie wenye gia.