Risasi za 9mm hazilingani urefu: achana na krimpu kwanza

SWALI: Fundi, salamu sana. Mimi ni wa Kiamunyi hapo Nakuru lakini saa hii niko Texas kikazi, nimenunua bastola ya 9mm na presi ndogo, narelodi nyumbani, yaani natengeneza risasi upya kwa maganda yaliyokwisha kupigwa. Nimeseti urefu wa 28.70 mm lakini nikishika kalipa (kile kipimo cha milimita) napata kuanzia 28.68 hadi 28.85. Maganda ni ya kuokota renji (uwanja wa kulengea shabaha), kampuni tofauti tofauti. Jamaa mmoja ameniambia nikaze krimpu, ule mbano wa mdomo wa ganda, mpaka mwisho ndio vichwa, zile sehemu zinazoruka, vishike na urefu uwe mmoja, mwingine anasema nikate maganda yote yatoshane. Nifuate nani?

JIBU: Hakuna wa kufuata hapo, ndugu yangu. Na huyo wa krimpu ndiye amenikasirisha kabisa, nitamrudia.

Hiyo tofauti yako ni kama 0.17 mm. Kwa bastola si kitu cha kukunyima usingizi bora ile ndefu kabisa inaingia chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, bila kulazimishwa. Kipimo cha SAAMI, wale wanaoweka viwango vya risasi huko Marekani, kinasema 9mm isizidi 29.69 mm, lakini hiyo ni mpaka tu, si mahali pa kulenga. Urefu wako unatoka kwenye kitabu cha kurelodi, kwa kichwa kile kile unachotumia, halafu unauhakikisha na mtutu wako. Toa mtutu kwenye bastola, tengeneza risasi moja ya majaribio isiyo na baruti wala praima (kile kiwashio cha kitakoni), idondoshe ndani: ishuke yenyewe, izunguke ukiigusa na kidole, na ukiinamisha mtutu ianguke nje. Ikikwama, kuna kitu hakiko sawa na usianze kuisukuma.

Sasa mbona inacheza? Kwanza kalipa yako inapima mpaka ncha ya kichwa, na dai, kile kifaa cha kwenye presi kinachosukuma kichwa ndani ya ganda, haisukumi ncha, inasukuma mabegani kule kichwa kinapoanza kujikunja. Vichwa vya boksi moja ncha zao hazifanani, kwa hivyo wewe unapima urefu wa mtu akiwa amevaa kofia. Pili ni presi, kama ni ile ya sahani inayozunguka, ikiwa na maganda kila kituo sahani inalala vingine kuliko ikiwa na ganda moja tu, ndio maana za kwanza na za mwisho za kila raundi huwa na urefu wake. Seti dai wakati vituo vyote vimejaa, vuta mkono mpaka ugonge mwisho kila mara, usivute mmoja kwa nguvu na mwingine kivivu juu unaongea na simu. Halafu fungua dai uisafishe, uchafu wa ledi (madini ya vichwa) na nta hujikusanya pale ndani na kila risasi inayofuata inatoka fupi kuliko ya kabla yake.

Huyo wa kukata maganda mwambie apumzike. Urefu mzima unapimwa kutoka kitako cha ganda hadi ncha, na dai inahesabu kutoka kitako hicho hicho, sasa ukipunguza mdomo wa ganda umebadilisha nini? Krimpu tu. Watu hawakati maganda ya 9mm, ni kazi bure.

Haya, krimpu. Hii ndiyo uongo inanichosha, inatembea kwa klipu za watu ambao hawajawahi kufungua bastola iliyopasuka. 9mm haina kingo ya kuishikilia kwenye chemba, inasimama kwa mdomo wa ganda lenyewe. Kazi ya krimpu hapo ni kurudisha ule mdomo uliopanuliwa ndio kichwa kiingie, basi, hapo imemaliza. Kinachoshika kichwa ni ganda lenyewe kukibana. Ukikaza zaidi, shaba ya ganda inajirudisha kidogo lakini kichwa kilichofinywa hakijirudishi, kwa hivyo umekaza na umelegeza kwa wakati mmoja. Na mdomo ukiwa mdogo sana ganda linaweza kuzama kwenye chemba kuliko inavyotakiwa, praima haigongwi sawa, unaanza kulaumu bastola. Tena kama unasukuma kichwa na kukrimpu kwa dai moja, mdomo unaanza kuuma wakati kichwa bado kinashuka, na hapo urefu ndio unaharibika zaidi. Tenganisha hizo kazi mbili.

Ukitaka kitu cha kuogopa, usiogope 0.17 ya kalipa, ogopa kichwa kinachorudi ndani ya ganda wakati risasi inagonga njia ya kuingilia chemba. Ganda la 9mm ni dogo, nafasi ya baruti ni kidogo, kichwa kikizama kidogo tu presha inapanda haraka sana, na kikomo chenyewe cha SAAMI cha presha ya 9mm ya kawaida ni psi 35,000 (psi ni kipimo cha presha). Chukua ile ya majaribio, ipime, isukume kichwa kwenye ukingo wa meza kwa nguvu ya vidole gumba, ipime tena. Ikifupika, kagua ile pini inayopanua mdomo, pengine ni nene mno, ama dai ya kwanza, ile ya kubana ganda, haijashuka vizuri, ama kuna kampuni fulani ya maganda hapo ina ukuta mwembamba, itenge. Kama kuna ambazo tayari umekaza krimpu, usizipige, na usijaribu kuzirekebisha kwa kusukuma tena, zing'oe vichwa kwa ile nyundo maalum ya kung'olea vichwa na vichwa hivyo uvitupe.

Na wale mnaonitumia picha ya kipimo cha baruti mmetoa kwa grupu mkiuliza kama ni sawa, sijibu. Kipimo kinatoka kwa kitabu cha aliyetengeneza baruti au kichwa, unaanzia chini, unapanda pole pole. Eti mtu anasema yake ni kali na haijawahi kumletea shida, huyo hajui mtutu wako wala kichwa chako, na hatakuwepo bastola ikilipuka mkononi.

Nyinyi wa hapa Nakuru na Kisumu mnaouliza presi zinapatikana wapi, hii si ya kwenu. Kutengeneza risasi bila leseni Kenya ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hata kama bastola yako ina cheti. Risasi nunua kwa dila aliyesajiliwa, ndani ya idadi iliyoandikwa kwenye cheti chako.